Mswaki au mathenge? Kijue kichaka kabla hujainua panga

Kile kijiti unachouziwa nje ya msikiti pale Eastleigh, ukakitafuna ncha mpaka kikawa brashi, kina kwao. Hutokana na mswaki, kichaka ambacho Wasomali wanakiita caday, na ambacho hupenda sehemu zenye maji ya ardhini hata kama udongo una chumvi. Kingo za Ewaso Ng'iro kule Merti, Isiolo, ni mahali pake hasa.

Sasa shida iko hapa. Kwenye mto huohuo ameingia mgeni, mathenge, mti wenye asili ya Amerika. Wakati wa kiangazi vyote viwili hubaki kijani na kufunga vichaka vizito, matawi yakiinama. Ukitazama kwa mbali utaapa ni kitu kimoja. Ukijiunga na vijana wanaong'oa mathenge ukakosea, umefyeka chakula cha ngamia na mbuzi.

Basi sogea. Anza na majani. Ya mswaki hukaa mawili mawili, yakitazamana kwenye kijitawi. Ni mazima, manene kidogo kama yana maji ndani. Sugua moja vidoleni, unuse. Harufu yake kali itakukumbusha haradali. Ya mathenge ni vijani vidogo vingi vilivyojipanga kama unyoya. Halafu pitisha mkono polepole: mswaki hauna miiba, mathenge anayo, na si ya mchezo, inatoboa hata tairi.

Ukikuta matunda, kazi imeisha. Mswaki huzaa vitunda vya mviringo, vidogo kuliko punje ya njegere, vya waridi vikigeuka zambarau, na vinaliwa. Mathenge huzaa maganda marefu ya manjano, matamu. Utamu huo ndio mtego. Mbuzi akiyazoea meno huoza, na mbegu husafiri kwenye kinyesi mpaka malisho mengine. Wakazi wa Ilchamus, Baringo, walipoishtaki serikali mwaka 2006 kwa sababu ya mti huu, walimpeleka mbuzi kibogoyo mahakamani. Si utani.

Kuna jamaa mmoja bado anaweza kukuchanganya: garas, wa ukoo mmoja na mswaki. Naye majani yake hutazamana, lakini ni magumu kama ngozi, na tunda lake ni kubwa zaidi, la kijani. Huyu pia ni mwenyeji, na watu hula matunda yake ukame ukizidi. Mwache.

Ukishahakikisha kwamba ulichoshika ni mathenge, usikate juu juu ukaenda zako. Kisiki kitachipua upya, tena kwa matawi mengi zaidi. Chimba, ukate shina chini ya usawa wa ardhi, na maganda usiyaache pale mbuzi wanapopita.