Linux ni Bure, Doo Weka kwa Saundikadi

Maze, Uganda ilishaonyesha kitambo ngoma kali haingoji studio ya mamilioni. Cheki Gulu City Anthems ya Otim Alpha, iliyodondoshwa 2017 na Nyege Nyege Tapes, lebo ya hapa hapa Kampala. Hizo ni ngoma za harusi za Waacholi, zimepikwa kwa kompyuta. Sasa we uko keja Kabalagala na laptopu ya mtumba, ushaweka Linux ya Ubuntu Studio, na Ardour, programu ya kurekodi, imo ndani bila kulipia ata shilingi. Basi doo zote zielekee kwa saundikadi.

Dai ile haitaki draiva ya kampuni, inaongea USB ya kawaida. Unachomeka, Linux inaijua, mambo swafi. Behringer UMC204HD iko hivyo, Focusrite Scarlett 2i2 pia. Scarlett ya toleo la tatu ikiwa mpya hujiita flashi. Shikilia kitufe cha 48V ukiichomeka, itaacha. Zile za FireWire zinauzwa bei ya kutupa, achana nazo, laptopu za siku hizi hazina tundu lake.

Halafu kuna stima. Zikipotea katikati ya vasi, saundikadi inayokula USB inaendelea kurekodi na betri ya laptopu. Ile ya adapta inazima, na ile teki tamu ya msanii imeenda. Hapo hakuna kubageini, wasee.

192 kHz iliyoandikwa kwa boksi isikubambe. 48 kHz inatosha: traki moja ya mono ya biti 24 inakula kama MB 8.6 kwa dakika. Panda 192, inakula karibu 34.6, na diski ya mtumba inalia. Biti 24 ndizo za kung'ang'ania. Ukirekodi kadodi, zile ngoma za tohara ya Imbalu za huko Mbale, mlio unaruka ghafla. Shusha geini, uache nafasi juu, na pigo la chini kabisa bado litasikika bila kumezwa na kelele.

Ukienda duka, beba laptopu yako. Chomeka, fungua terminali, andika arecord -l. Jina la saundikadi likitokea, vaa hedifoni, ongea kwa maiki, piga makofi, skiza vile inarudi. Lisipotokea, mrudishie muuzaji boksi lake, ata akikupunguzia nusu bei.