Nyumba ina wenyewe, nao ni 999

Mwaka 1963 wageni wa Disneyland, kule Anaheim, California, walikuta jumba jipya limesimama pembeni mwa bustani: jeupe, la ghorofa, lina nguzo ndefu na roshani zenye vyuma vya nakshi kama majumba ya kale ya kusini mwa Marekani. Nyasi zimekatwa, rangi inang'aa. Geti limefungwa. Hapo nje palikuwa na bango lililoialika mizuka iombe chumba. Watu walisoma, wakacheka, wakaenda zao. Mwaka uliofuata walirudi na watoto wao, na geti bado lilikuwa na kufuli. Jumba lilikaa tupu miaka sita. Lilipofunguliwa Agosti 1969, Walt Disney, aliyelitaka kuliko mtu yeyote, alikuwa amefariki tangu Desemba 1966.

Kilichochelewesha kazi zaidi ni swali ambalo ungedhani ni jepesi: humu ndani kulitokea nini?

Wa kwanza kupewa swali hilo alikuwa mchoraji Ken Anderson, mwaka 1957. Alikwenda San Jose kuitazama nyumba maarufu ya mjane Winchester, ile yenye ngazi zinazopanda hadi darini na kukomea hapo. Akarudi na kisa cha nahodha tajiri aliyeoa binti mdogo. Bi harusi akagundua kwamba mumewe alikuwa haramia wa baharini. Nahodha akamuua, na mzuka wa mke ukamwandama mpaka akajinyonga. Anderson alichora jumba bovu, mbao zimeoza, magugu yamefika dirishani. Disney alikataa katakata. Ndani mizuka ifanye ipendavyo, alisema, ila nje ni juu yake, na bustani yake haitakuwa na gofu.

Kazi ikaangukia mikononi mwa wabunifu Rolly Crump na Yale Gracey. Hawa walikuwa na karakana yao, na humo walitengeneza nahodha aliyetokea mbele ya watu akichuruzika maji, kisha akatoweka na kuacha sakafu imelowa. Crump alipenda kusimulia kwamba uongozi uliwaomba waache taa zikiwaka usiku kwa ajili ya wafagiaji. Wakakubali, lakini wakatega mtambo: mtu akikatiza katikati ya chumba, taa zinazima na mizuka inaamka. Asubuhi walikuta ufagio umelala katikati ya sakafu. Ofisi ikawaambia kwamba kuanzia siku hiyo watafagia wenyewe.

Basi nahodha alifanya kazi vizuri, ila alikula muda. Mpango ulikuwa watu waingie kwa miguu, kundi baada ya kundi, wasimame wasikilize kisa hadi mwisho. Bustani inayopokea maelfu ya watu kwa siku haiwezi kumsubiri nahodha akauke. Halafu yakaja Maonyesho ya Dunia ya New York ya 1964 na 1965, na wabunifu wa Disney wakahamishiwa kazi za huko.

Jawabu lilikuja kwa njia ya usafiri. Mwaka 1967 Disneyland ilizindua mtindo wa vigari vilivyoungana kwa mnyororo mmoja usiosimama. Kila kigari kina mgongo mrefu uliopinda kumzunguka abiria, nacho hugeuzwa kumwelekeza pale msanifu anapotaka atazame. Huwezi kuchungulia nyuma ya pazia, kwa sababu kiti hakikupi nafasi hiyo. Kwa mtindo huo jumba likaweza kupitisha watu zaidi ya 2,000 kwa saa. Ila kisa cha nahodha kikafa papo hapo, maana hadithi yenye mwanzo na mwisho haisimuliwi kwa abiria anayekaa sekunde chache mbele ya kila tukio.

Hata kile chumba kinachorefuka, ambacho wengi hukitaja kwanza, kilizaliwa na shida ya uchukuzi. Jumba unaloliona kwa nje ni dogo. Ukumbi wenyewe wa maonyesho uko ng'ambo ya tuta na reli inayoizunguka bustani. Ilibidi watu washushwe chini, wapite chini ya reli. Lifti tupu ingechosha, basi wakaivika picha nne ukutani. Lifti inaposhuka, picha zinarefuka, na kila moja inafichua kilichokuwa kimejificha chini: bibi mwenye tabasamu kumbe amekaa juu ya kaburi la mumewe. Taa zinazimika, radi inapiga, na darini unaonekana mwili unaning'inia. Florida, ambako jumba kama hilo lilifunguliwa 1971, hakuna haja ya kushuka, kwa hiyo dari ndiyo inayopanda.

Ufundi wenyewe ni wa zamani. Ukumbi wa dansi, ambamo mizuka inayopenywa na macho inacheza na kula karamu, unategemea hila aliyoionyesha John Henry Pepper jijini London mwaka 1862. Abiria hupita kama walio kwenye roshani, na kati yao na ukumbi kuna kioo kikubwa kisichoonekana. Masanamu halisi yamefichwa upande wa abiria, kwenye vyumba vyeusi vya chini na juu yao. Taa ikiyamulika, taswira yake inatua kwenye kioo na kuonekana imo ukumbini. Ikizimwa, mzuka umekwenda. Mwenye macho makali ataona kosa moja lililoachwa hapo: kioo hugeuza kushoto kuwa kulia, kwa hiyo kwenye dansi hiyo wanawake ndio wanaowaongoza wanaume.

Disney alipofariki, wasanifu walibaki na ugomvi. Claude Coats, mchoraji wa mandhari, alitaka watu waogope. Marc Davis, fundi wa vikatuni, alitaka wacheke. Hakuna aliyeshinda, na jumba limegawika nusu kwa nusu. Mwanzoni ni korido ndefu, milango inayopumua, na hakuna mzuka unaouona. Baada ya kichwa cha mpiga ramli Madame Leota kuzungumza ndani ya tufe la kioo, mizuka inajitokeza, na mbele zaidi, makaburini, kuna sherehe. Aliyeandika maneno ya safari, X Atencio, hakujaribu kupatanisha. Hakutoa kisa. Alitoa idadi tu: wakazi 999, na nafasi ya mmoja zaidi.

Kwangu mimi hapo ndipo walipofaulu. Hata kwetu pwani, nyumba inayoogopwa haielezwi sana. Utaambiwa ina wenyewe, na anayekuambia atabadilisha mazungumzo. Jumba la Anaheim limebaki na mabaki ya hadithi zilizokufa, yaani maiti darini na bi harusi katika chumba cha juu, na kila abiria hujiungia mwenyewe. Mzuka mmoja aliyebeba kichwa chake kwenye sanduku la kofia aliondolewa mwaka uleule wa 1969 kwa sababu mtambo wake haukufanya kazi. Watu walimsimulia kwa miaka zaidi ya arobaini, hadi aliporudishwa 2015.

Paris walichukua njia nyingine. Jumba lao la 1992 lina kisa kamili: binti aitwaye Melanie Ravenswood, baba asiyetaka aolewe, wachumba wanaokufa mmoja baada ya mwingine. Baada ya ukarabati uliokwisha 2019, kila kitu kilielezwa wazi zaidi. Ni jumba zuri kwa macho, na muziki wake unasikitisha vizuri, lakini ukishajua muuaji ni nani, unabaki kutazama mapambo.

Marekani nao waliingia mtego huohuo mwaka 2006, walipompa bi harusi wa chumba cha juu jina, Constance, pamoja na shoka na orodha ya waume watano aliowakata vichwa. Jumba la California lilipofunguliwa tena Januari 2025, Constance na shoka lake hawakuwemo. Mahali pake amewekwa bi harusi mwenye mshumaa. Ulikuwa uamuzi sahihi, ingawa ulichelewa.