Kerneli mpya ikigoma kuwaka, usikimbilie kufuta mfumo

FUNDI wa tarakilishi anayehudumia vituo vya afya vya Migori na Homa Bay huenda akakumbana na kisa cha kumtoa jasho: ametunga kerneli mpya ya Linux, ameizima mashine na kuiwasha tena, lakini badala ya mfumo kufunguka, skrini inajaa maandishi na kuganda.

Kerneli ni kiini cha mfumo wa uendeshaji, kiungo baina ya programu na diski, kumbukumbu na vifaa vingine. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds nchini Finland mwaka wa 1991, humruhusu yeyote kuchukua msimbo wa kerneli na kuitunga upya apendavyo. Mafundi hufanya hivyo ili mashine itambue kifaa fulani, au kuipunguzia uzito mashine kongwe.

Katika kaunti hizi mbili, jambo hili lina uzito wake. Vituo vingi vya afya huhifadhi rekodi za wagonjwa, hasa wanaotumia dawa za kupunguza makali ya HIV, katika KenyaEMR, mfumo uliojengwa juu ya OpenMRS na ambao aghalabu huendeshwa kwenye Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux. Seva ikigoma, mhudumu hurudia karatasi na foleni hurefuka.

Kosa kubwa ni kutaharuki na kusakinisha mfumo upya, kwani hatua hiyo yaweza kufuta diski nzima. Kwa kawaida kerneli inayoshindwa kuwaka haijagusa rekodi hizo.

Jambo la kwanza ni kuwasha mashine upya huku ukibonyeza Esc, au ukishikilia Shift katika mashine za zamani, hadi orodha ya GRUB itokee. Ingia katika chaguo za ziada, kisha uchague kerneli ya awali. Iwapo hukuifuta, mashine itawaka kama jana. Wahenga hawakukosea waliponena, usiache mbachao kwa msala upitao.

Baada ya hapo ndipo chanzo kitafutwe, na mahali mashine iliposimama ndipo penye jibu.

Ikiwa kerneli mpya haimo katika orodha, GRUB haikuarifiwa. Amri ya "update-grub" hutatua hilo. Ikiwa imekataliwa kwa sababu ya sahihi, ulinzi wa Secure Boot hauitambui. Itie sahihi kwa ufunguo uliosajiliwa katika mashine, au uzime ulinzi huo kwa idhini ya mwenye mashine.

Ujumbe unaowatisha wengi ni "Unable to mount root fs". Maana yake ni kwamba kerneli imewaka lakini haikuweza kuifikia sehemu ya diski yenye mfumo. Mara nyingi faili ya initramfs, inayobeba draiva za mwanzo, haikuundwa. Iunde kwa "update-initramfs -c -k" ikifuatwa na nambari kamili ya toleo la kerneli, kisha urudie "update-grub". Hakikisha pia kwamba draiva ya diski na ya mfumo wa faili, kwa mfano ext4, hazikuachwa nje wakati wa kuchagua, na kwamba "make modules_install" ilitekelezwa.

Kagua vilevile nafasi katika /boot kwa amri ya "df -h". Sehemu hiyo ikijaa, initramfs huweza kuandikwa nusu nusu. Nayo skrini ikiwa nyeusi tupu, huenda tatizo ni draiva ya picha. Kuongeza neno "nomodeset" katika mstari wa GRUB hutosha kwa majaribio.

Kinga ni bora kuliko tiba. Anza na faili ya mipangilio ya kerneli inayofanya kazi, iliyomo katika /boot, kisha utekeleze "make olddefconfig" badala ya kuchagua kila kitu upya. Nakili rekodi kwenye diski nyingine kabla ya kugusa chochote, na ujaribu kerneli kwenye mashine isiyotegemewa na wagonjwa.

Tahadhari hiyo ni muhimu zaidi kwa fundi anayefanya kazi akiwa mbali. Seva iliyo katika kisiwa cha Mfangano ikigoma kuwaka, hakuna amri itakayoifikia kutoka Rongo. Itambidi asafiri hadi Mbita na kuvuka ziwa kwa boti, ili tu abonyeze kitufe kimoja na kuchagua kerneli ya zamani.