Mbolea Moja, Hesabu Mbili

Mananasi, ndizi na mafenesi ya Mkuyuni hushuka kwa barabara ya Bigwa–Kisaki hadi masoko ya Morogoro mjini. Biashara hiyo imejengwa juu ya mvua ya milima ya Uluguru, iliyoosha chumvi nyingi na kuacha udongo wenye uchachu. Nanasi huupenda: hustawi pH ikiwa 4.5 hadi 5.5. Likipandwa penye magadi, yaani udongo wenye sodiamu nyingi na pH ya juu, majani hugeuka njano kwa sababu madini ya chuma yaliyomo ardhini hayayeyuki.

Tambarare ni habari nyingine. Kwenye skimu za umwagiliaji kama zile za bonde la Pangani, maji yakituama bila mfereji wa kuyatoa, jua huyakausha na chumvi hubaki juu ya majaruba. Mpunga ndio unaoumia mapema. Mavuno huanza kushuka chumvi ya udongo ikifika dS/m 3 hivi (desisimensi kwa mita, kipimo cha chumvi), wakati pamba huvumilia hadi 7.7. Ncha za majani hukauka, na mashuke hutoa mapepe.

Hasara hiyo ndiyo iliyofungua soko la mbegu vumilivu. Pokkali, mpunga wa pwani ya Kerala nchini India, una sehemu ya vinasaba iitwayo Saltol inayosaidia kupunguza sodiamu inayopanda majanini na kuiachia potasiamu nafasi. Sodiamu inayopenya hufungiwa ndani ya seli au kurundikwa kwenye majani makuukuu, ili machanga yapone. Hapa Tanzania, watafiti wa mpunga wametoa mbegu za SATO 1 na SATO 9 kwa ajili ya mashamba yenye chumvi.

Mbegu pekee haitoshi penye magadi. Hapo mkulima huhitaji jasi, ambayo huchimbwa Makanya wilayani Same na kununuliwa pia na viwanda vya saruji. Kalsiamu yake huing'oa sodiamu, kisha maji safi huisukuma nje, mradi mfereji upo.

Pembejeo nayo huchaguliwa kwa udongo. Mbolea ya fosfati ya Minjingu huyeyuka kwenye uchachu kama wa Mkuyuni; penye magadi hukaa kama mawe. Urea ikimwagwa juu ya udongo wa magadi, sehemu ya naitrojeni hupotea hewani, hivyo SA (salfeti ya amonia) hufaa zaidi. Kabla ya kulipia mfuko, mkulima wa Morogoro anaweza kupeleka sampuli ya udongo ikapimwe Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, mjini humo humo.