Vinundu vya tezi dundumio

Vinundu vya tezi dundumio ni mafundo yanayoota ndani ya tezi iliyo mbele ya shingo, chini ya kikoromeo. Mtu akimeza mate, kinundu hupanda pamoja na tezi. Vikiwa vingi na vikubwa huitwa rovu.

Chanzo kimojawapo ni upungufu wa iodini. Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, mvua nyingi huosha madini ya udongo, hivyo ndizi na maharagwe havitoshi kuleta iodini. Wengi hudhani samaki hufidia, lakini samaki wa Ziwa Viktoria ni wa maji baridi, hana iodini nyingi kama wa baharini. Inabaki chumvi yenye iodini. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250.

Hata hivyo chumvi hiyo hukinga tu, haiyeyushi kinundu cha zamani. Vinundu vingi si saratani. Kilicho kigumu, kinachokua haraka au kinachoambatana na sauti kukwaruza kisiachwe kwa kudhaniwa ni rovu la kawaida: hupimwa kwa damu, kwa ultrasaundi, na kwa sindano nyembamba inayochukua chembe. Anayeondolewa tezi yote humeza vidonge vya thairoksini maisha yake yote.