Picha Zetu na Wino Usiodumu

Katika nyumba nyingi za pwani, picha ya babu, nyeusi na nyeupe, iliyopigwa kabla ya Uhuru, bado yaonekana vyema, ilhali ya harusi ya mjukuu, iliyochapwa juzi tu, imekwisha kugeuka rangi ya chungwa. Wenyewe huilaumu chumvi ya bahari. Aghlabu sababu imo katika wino.

Picha ya babu ni chembe za fedha, madini yasiyofifia upesi. Printa za leo hutumia wino wa aina mbili. Wa kwanza ni rangi iliyoyeyuka majini kama sukari katika chai: hung'aa, lakini mwanga na hewa huidhuru upesi. Wa pili ni wa unga laini usioyeyuka. Mwanga ukila sehemu ya nje ya chembe, ndani husalia rangi. Huu ndio udumuo zaidi.

Je, ile "miaka 100" iliyoandikwa kwenye boksi la wino? Hakuna aliyengoja karne nzima. Huko Marekani, taasisi ya Henry Wilhelm, mtafiti mashuhuri wa jambo hili, huziweka picha chini ya mwanga mkali mno, kisha hukadiria zingedumu miaka mingapi katika chumba chenye mwanga wa luksi 450 kwa saa 12 kila siku, nyuzi 24 za joto na unyevu wa asilimia 60. Mombasa, unyevu huo hupitwa mara nyingi.

Tena mwanga si adui wa pekee. Mwaka 2000, baadhi ya wenye printa za Epson Stylus Photo 870 waliona picha zao zikigeuka rangi ya chungwa katika muda wa wiki chache. Aliyezila ni ozoni iliyomo hewani, iliyoharibu wino wa samawati na kuacha wekundu na umanjano.

Basi, ndugu msomaji, uendapo kuchapisha picha, uliza wino ni wa aina gani, na karatasi iwe ile iliyopimwa pamoja nao. Ya kutundikwa itiwe kioo, mbali na dirisha. Nyingine zikae kwenye albamu, pahali pakavu. Na nakala ya kompyuta ihifadhiwe mahali pawili, ili iliyofifia iweze kuchapwa upya.

Sura za wazee wetu ni amana kwa watoto ambao hawakuwadiriki. Tahadhari kabla ya athari.