Kaza, bana au imarisha? Neno moja linaweza kuigharimu timu bao

UKIKAA pembeni mwa Uwanja wa Azimio mjini Mpanda siku ya mechi, kuna neno utalisikia mpaka filimbi ya mwisho: "Kaza!" Timu ikiongoza, kaza. Ikifungwa, kaza. Beki akipitwa, kaza.

Wachezaji wanasikia, ila kila mmoja anaelewa lake. Mmoja anaongeza mbio, mwingine anaingia na rafu, wa tatu anarudi nyuma. Bao likiingia, lawama zote kwa kipa.

Kukaza ni kuvuta kilicholegea mpaka kishike, kama kamba za kiatu. Ndiyo maana tunasema kaza buti, kaza msuli, kaza mwendo. Ni neno la juhudi, halimwambii mchezaji asimame wapi.

Kubana ni habari nyingine, maana yake ni kupunguza nafasi. Kocha akisema "bana katikati", mabeki wanajua wasogeleane na mpinzani asukumwe pembeni.

Kuimarisha ni kazi ya muda mrefu. Ulinzi unaimarishwa kwa usajili na mazoezi, siyo dakika ya 85. Dakika hiyo unabana, unakaza na kumwomba Mungu.

Halafu kuna kukamia, ambako wengi wanakuchanganya na kukaza. Timu iliyokamia inamaliza nguvu zote kwa Simba au Yanga, wiki inayofuata miguu mizito.

Kumbuka fainali ya Kombe la Shirikisho kwa majirani zetu Kigoma, Julai 25, 2021. Yanga ilibaki pungufu kipindi cha kwanza baada ya Mukoko Tonombe kuonyeshwa kadi nyekundu. Wakakaza kwelikweli, mpaka kona ya dakika za mwisho ilipomkuta Taddeo Lwanga, akapiga kichwa na Simba ikabeba kombe kwa bao 1-0. Kona haitaki juhudi tu, inataka kila mtu ajue anambana nani.

Hata kwenye sheria maneno haya yanapishana. Mwaka 2025 kipa aliongezewa muda wa kushika mpira, kutoka sekunde 6 hadi 8. Wapo waliosema sheria imelegezwa. Lakini adhabu sasa ni kona, badala ya ile faulo isiyopigwa moja kwa moja golini, ambayo waamuzi walikuwa wanaitoa kwa nadra. Kwa hiyo muda umelegezwa, ila sheria sasa inakaziwa. Kukazia ni kusimamia jambo litekelezwe, kama mahakama inavyokazia hukumu.

Kwa Katavi, mkoa uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, hili si suala la Kiswahili cha darasani. Bingwa wa mkoa anapokwenda Ligi ya Mabingwa wa Mikoa anakuta mechi chache, na kosa moja linaweza kumrudisha nyumbani mapema. Kijana aliyezoea kusikia "kaza" pekee atakimbia sana huko, lakini atakimbilia wapi?

Mashabiki wa Azimio waendelee kupiga kelele za kaza, hiyo ni haki yao. Ila kocha kwenye benchi aseme nani abane, abane wapi, na ambane nani.